Turbo inazunguka mara 150,000 kwa dakika, kwa nini imebebwa na bushi laini ya bronzi na siyo beringi ya gololi?

#1 Kisiki Kavu
Habari za jioni wakuu.

Pikapu yangu ya dizeli ilianza na mluzi ambao haukuwepo, ukafuata moshi wa bluu asubuhi, wiki iliyopita turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa, ikafa kabisa. Fundi kaifungua nikiwa nimesimama hapohapo. Nilitegemea kukuta beringi ya maana humo ndani, gololi na chuma kinachong'aa. Zikatoka bushi mbili za rangi ya shaba, fupi, hazifiki hata sentimita, zina matundu ubavuni, tena hazijabanwa popote. Zinaelea tu kati ya shafti na bodi. Nimeikwaruza moja kwa ncha ya bisibisi, ikaingia alama kirahisi.

Hapo ndipo sielewi. Alternator ya gari hilohilo ina beringi za gololi na haifikishi mizunguko 20,000 kwa dakika. Turbo wanasema inapita 150,000, halafu hiyo ndiyo ipewe chuma laini?

Kuna mchongaji hapa mtaani ananiambia nilete sampuli, atanichongea bushi kwa chuma cha ekseli, "hizo utawarithisha watoto". Bei yake haifiki hata robo ya katriji mpya, yaani kiini chote cha turbo na shafti, bushi na feni zake. Nimpe kazi au nisimpe?

#2 Ngoma Ngumu
Mpe kazi mkuu. Hao watengenezaji wanaweka laini makusudi iishe urudi dukani. Biashara tu hiyo.

#3 Mama Wawili
Naweka kambi hapa. Na mimi natumia gari ya turbo, nimeanza kusikia mluzi.

#4 Fundi Kipara
Kisiki Kavu usimpe. Niko Gerezani, Dar es Salaam, turbo ndiyo kazi inayonilisha. Chuma kigumu juu ya chuma kigumu, siku oili ikichelewa hata kidogo vinashikana vinakuwa kitu kimoja. Shafti inakatika shingoni, feni ya upande wa moshi inabaki inajigonga humo ndani mpaka inakula ukuta wa nyumba yake. Bushi imewekwa laini ili kama ni kuumia aumie yeye, shafti ipone.

Kabla hatujaenda mbali, leta maelezo. Shafti pale bushi zinapokaa ina rangi gani? Bushi zenyewe ndani na nje zikoje? Usizioshe kwanza. Watu wananiletea spea zimeng'arishwa kwa petroli na msasa, halafu wananiuliza imekufa kwa nini. Ushahidi wote umeshabaki kwenye ndoo ya petroli.

#5 Kisiki Kavu
Sijaosha. Niko nazo mezani hapa na tochi.

Shafti upande wa moshi ina bluu iliyokolea. Ukisogea kuelekea katikati bluu inageuka zambarau, halafu rangi ya majani makavu, halafu chuma cha kawaida. Juu ya ile bluu kuna utando wa rangi ya shaba umeganda, kucha haiung'oi. Bushi ya upande huo tundu zake mbili zimezibwa na kitu cheusi kigumu, nimejaribu kutoboa na sindano kinatoka kama vumbi la mkaa. Bushi ya upande wa hewa safi naiona nzima, ila kwa ndani ina michirizi myembamba inayozunguka.

#6 Fundi Kipara
Umeeleza vizuri kuliko wanaoleta picha.

Hizo rangi ni kipimajoto. Majani makavu ni nyuzi 220 hadi 240 hivi, zambarau karibu 280, bluu 300 na ushee. Kwa hiyo shafti yako upande wa moshi ilifika nyuzi 300, na oili inayopita hapo kawaida haitakiwi kuwa hata nusu ya hiyo. Weusi ni oili iliyopikwa ikawa mkaa. Utando wa shaba ni bushi iliyolambwa ikabaki kwenye shafti. Michirizi ya upande wa pili ni uchafu kwenye oili, lakini huo haujakuua, ungekuua baadaye.

Swali moja. Gari linatembea njia gani na likifika linazimwaje?

#7 Kisiki Kavu
Dereva wangu anabeba mzigo Iringa. Akimaliza kupandisha mlima Kitonga anapaki pembeni, anazima, anashuka kukagua matairi.

#8 Fundi Kipara
Basi umejijibu. Feni ya moshi ikitoka kupanda Kitonga na mzigo inakaribia kuwa nyekundu. Injini ikizimwa pampu ya oili nayo imesimama. Joto lote la ile feni na nyumba yake ya chuma cha kumimina linaanza kutembea kwenye shafti kurudi kwenye bushi, na oili iliyobaki pale imetulia tuli, inakaangwa. Dakika mbili tatu za silensa, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, kabla ya kuzima zingetosha. Kila siku tone moja linakuwa mkaa, mwisho tundu linaziba.

#9 Ngoma Ngumu
Sawa, hiyo ni sababu ya kufa kwake. Lakini bado hamjajibu swali la jamaa. Kwa nini laini? Ingekuwa kigumu kisingelambwa.

#10 Shafti Nzito
Ngoja nichangie. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kufua umeme ya gesi na mvuke, sasa nimestaafu. Swali la Kisiki Kavu ni zuri kuliko anavyodhani, maana wengi wanaangalia mizunguko kwa dakika peke yake. Hiyo haitoshi. Zidisha na kipenyo cha shafti.

Shafti ya turbo ndogo pale kwenye bushi ina kipenyo cha milimita 8 hivi. Mara 150,000 unapata 1,200,000. Sasa chukua shafti ya mtambo mkubwa wa umeme, kipenyo milimita 400. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Zidisha: 1,200,000. Namba ileile. Uso wa shafti yako na uso wa shafti yetu vyote vinapita kwenye beringi kwa mita 63 kwa sekunde, yaani kilomita 226 kwa saa. Na mtambo mkubwa kama huo nao haujabebwa na gololi. Umebebwa na chuma laini kuliko bronzi yako, ukikiminya kwa kucha ya dole gumba unaweza kuacha alama.

Kinaitwa babiti. Isaac Babbitt wa Marekani alikipatia hataza mwaka 1839. Mchanganyiko wake maarufu ni bati karibu asilimia 89, antimoni 7 na kitu, shaba 3 na kitu, umemiminwa juu ya mgongo wa chuma. Karibu miaka 190 imepita na bado mitambo mikubwa duniani imelala juu yake.

Inawezekanaje? Kwa sababu ikishazunguka, shafti haigusi chuma. Inaelea juu ya oili. Watu walikuja kulijua hili kwa bahati. Miaka ya 1880 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa anapima msuguano wa beringi za ekseli za treni. Akatoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha oili. Mashine ilipozunguka, oili badala ya kuingia ikawa inapanda na kutoka kwenye lile tundu. Akaziba kwa kizibo cha gome, kikasukumwa nje. Akaziba kwa mti, nao ukasukumwa nje. Ndipo akafunga kipimo cha shinikizo, kikaonyesha zaidi ya maradufu ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi. Shafti yenyewe ilikuwa inavuta oili na kuibana kwenye ule wembamba mpaka oili ikaibeba. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaiandikia hesabu, na hadi leo kila anayesanifu beringi anaanzia hapo.

Kwa hiyo Ngoma Ngumu, ugumu wa bushi haubebi kitu turbo ikiwa kwenye mwendo. Oili ndiyo inabeba. Chuma cha beringi kinachaguliwa kwa ajili ya nyakati mbaya tu: wakati wa kuwasha kabla oili haijajaa, wakati wa kuzima, na siku punje ya mchanga imepenya. Chuma laini kinaimeza ile punje, inazama humo na kukaa kimya. Kigumu kitaikataa, itabaki inazunguka na kuikata shafti.

#11 Mama Wawili
Mzee, hili somo chuoni walitufundisha semista nzima na sikuelewa.

#12 Kisiki Kavu
Shafti Nzito nashukuru sana. Lakini kama babiti ni nzuri hivyo, mbona turbo hawakuiweka?

#13 Shafti Nzito
Rudi kwenye zile rangi zako. Babiti ya bati inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 240, na nguvu yake inaisha mapema zaidi. Kwenye mitambo mingi kengele inalia beringi ikipita nyuzi 110 hivi, na mtambo unajizima wenyewe kabla ya kuvuka 130. Sisi tunajimudu kwa sababu oili yetu inapozwa, na kuna pampu ya akiba inayotumia betri ili hata gridi nzima ikizima, shafti ishuke taratibu ikiwa na oili. Turbo haina anasa hizo. Shafti yako ilifika 300. Ingekuwa babiti, ungeikuta imemiminika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Ndiyo maana turbo wamepewa bronzi. Shaba imechanganywa na bati, na mara nyingi risasi kidogo. Bronzi haianzi kuyeyuka mpaka upite mbali nyuzi 700. Risasi ina kazi ya peke yake: haiyeyukiani na shaba, inabaki matone madogo yaliyotawanyika ndani. Joto likipanda ghafla oili ikikosekana, yale matone yanalainika na kujipaka usoni, yanakuwa kilainishi cha dharura. Siku hizi wengi wanahamia kwenye aloi zisizo na risasi kwa sababu ya afya na sheria za Ulaya.

Na kuelea kwake si ulegevu wa fundi. Bushi imeachwa izunguke yenyewe, polepole kuliko shafti, kwa kawaida chini ya theluthi ya mwendo wake. Kuna oili ndani yake na oili nje yake. Ile ya nje inameza mtikisiko. Shafti ndogo inayopita mizunguko laki moja lazima itikisike, haina namna, na ile oili ya nje ndiyo inaizuia isijipige ukutani.

#14 Ngoma Ngumu
Haya, nakubali upande huo. Lakini injini za ndege zina beringi za gololi na roleri. Nazo si za kasi? Hapo sitaki kona kona.

#15 Shafti Nzito
Ni kweli, na namba yake ya kipenyo mara mzunguko inapita milioni 2. Wamechagua gololi kwa sababu zao: beringi ya gololi inaishi kwa oili kidogo tu ya kunyunyiziwa, inawaka kwenye baridi kali bila ubishi, na oili ikikatika haifi papo hapo. Ndege inazitaka hizo zote. Lakini wamelipia kwenye chuma.

Beringi ya dukani ni chuma chenye kaboni asilimia 1 na kromiamu 1.5. Kipashe zaidi ya nyuzi 200 kwa muda, ugumu unaanza kuondoka. Kwa ndege wakaja na chuma kinachoitwa M50, kina molibdeni, kromiamu na vanadi, kinabaki kigumu hadi nyuzi 300 na kidogo. Hilo ni la joto. Tatizo la pili ni gololi yenyewe. Inapozungushwa kwa kasi inataka kutoka nje, inaisukuma pete ya nje kwa uzito wake hata kama hujaweka mzigo wowote. Ukiongeza mwendo mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Inafika mahali beringi inajiua yenyewe.

Dawa ikawa kupunguza uzito wa gololi. Wakatengeneza gololi za kauri, silikoni nitraidi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8, ya kauri hii ni 3.2. Gololi saizi ileile, msukumo unashuka chini ya nusu. Tena ni ngumu kuliko chuma na haipitishi umeme, ndiyo maana utaikuta pia kwenye mota za magari ya umeme, ambako umeme unaovuja kwenye shafti hutafuna beringi za chuma mpaka njia ya gololi inakuwa na matuta.

Mfano ninaoupenda ni chombo cha anga cha Marekani, kile cha kwenda na kurudi, Space Shuttle. Pampu yake ya oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika haikuruhusiwa kuwa na tone la oili, maana oili na oksijeni ya namna ile ni mlipuko. Beringi zilipozwa na oksijeni yenyewe, karibu nyuzi 183 chini ya sifuri. Gololi za chuma zilikuwa zinakwisha, pampu zinashushwa kukaguliwa mara kwa mara. Pampu mpya yenye gololi za silikoni nitraidi iliruka mara ya kwanza Julai 1995 kwenye Discovery, kimojawapo cha vyombo hivyo.

#16 Mwana wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Mie si wa magari, natengeneza vifaa vya madaktari wa meno. Nimeisoma hiyo hesabu ya mzee nikashtuka, nikaijaribu kwa vyangu. Ile drili ya upepo ya kusagia jino inakwenda mizunguko 300,000 hadi 400,000. Tundu la beringi yake ni milimita 3.175. Kwa 400,000 yatoka 1,270,000. Wallahi ni pale pale na turbo na mtambo wa umeme.

Ila hizi zetu ni gololi, na nyingi sasa ni za kauri. Mzigo ni mdogo sana, ni kidole cha daktari tu, na pampu ya oili huwezi kuitia mdomoni mwa mtu. Hunyunyiziwa mafuta kidogo, basi. Na kinachoziua mara nyingi si gololi, ni keji, ile pete inayozitenganisha gololi zisigusane. Keji ni ya plastiki ngumu, na kila baada ya mgonjwa kifaa chaingia kwenye mvuke wa nyuzi 134 kuuliwa vijidudu. Kikipikwa hivyo kila siku keji yapasuka. Ukisikia drili imeanza kulia kama mbu, ujue keji yaaga dunia.

#17 Kisiki Kavu
Kumbe hata jino langu lilisagwa na hesabu hii hii.

Fundi Kipara, nimeona mtandaoni kuna turbo za beringi za gololi. Nibadilishe moja kwa moja?

#18 Fundi Kipara
Zipo, na ni nzuri. Zinawahi kuamka ukikanyaga mafuta, na zinataka oili kidogo. Za bei ya juu zina gololi za kauri. Lakini hata hizo, katriji yenyewe imezungukwa na oili kwa nje kwa sababu ileile ya mtikisiko aliyoitaja mzee. Kwa pikapu ya mzigo Iringa sikushauri. Bei ni kubwa, na ikifa hakuna cha kubadilisha bushi, unatupa yote. Hela hiyo nunulia oili nzuri na filta halisi.

#19 Mkono wa Lezi
Mimi ni mchongaji, na naona tunatukanwa kwa staha. Nachonga bushi za bronzi za pampu za maji na za mashine za kukoboa, zinakaa miaka. Bronzi ni bronzi. Kwa nini ya turbo isichongwe?

#20 Shafti Nzito
Hakuna aliyekutukana. Kuchonga inachongeka. Lakini pampu yako ya maji inazunguka 1,450 au 2,900, ukikosea sehemu tano za mia za milimita itasamehe. Hapa nafasi ya oili ya ndani ni sehemu chache za mia za milimita, ya nje ni kubwa kuliko ya ndani, na uwiano wa hizo mbili ndio unaoamua bushi izunguke kwa mwendo gani. Ukibana nje, bushi inasimama, joto linapanda. Ukilegeza ndani, shafti inaanza kuzungukazunguka ndani ya oili kwa karibu nusu ya mwendo wake, hapo ndipo feni zinagusa ukuta. Kuna tundu, ukingo wa tundu, mviringo. Na bronzi ya koki ya maji iliyoyeyushwa si ya beringi, hata kama rangi zinafanana.

#21 Mkono wa Lezi
Hapo kwenye uwiano wa ndani na nje nimekuelewa. Mikrometa yangu inasoma sehemu moja ya mia ya milimita, chini ya hapo ni kubahatisha. Kisiki Kavu, huyo mwenzangu wa chuma cha ekseli mkimbie.

#22 Fundi Kipara
Heshima mkuu.

Kisiki Kavu, bushi mpya juu ya shafti hiyo usiweke. Iliyofika bluu imeshapoteza ugumu wake, itakula bushi mpya kabla ya mwezi. Chukua katriji nzima iliyobalansiwa. Na hii ndiyo sehemu watu wanaua turbo mpya siku ya kwanza:

Bomba la kupeleka oili kwenye turbo libadilishe, usilisafishe. Mkaa uliouona kwenye bushi umo na kwenye bomba. Bomba la kurudisha oili lisiwe limeminywa. Pale oili inapoingilia usipake silikoni ya gasketi, weka gasketi yake kavu. Ikizidi inajikata kipande kinakwenda moja kwa moja kuziba tundu. Mwaga oili ya injini, filta mpya. Kabla ya kufunga bomba mimina oili kwa mkono kwenye tundu la turbo huku unazungusha shafti kwa vidole. Halafu piga stata bila injini kuwaka, mpaka uone oili inarudi. Ikishawaka iache silensa, usipige resi hata kidogo.

Na dereva wako mwambie matairi ayakague injini ikiwa inaunguruma.

#23 Kisiki Kavu
Nimeagiza katriji na bomba leo. Dereva nimempigia, anauliza kama hizo dakika tatu za mafuta atalipia nani.

#24 Mama Wawili
Na mimi mluzi wangu jamani? Nimevua bomba la hewa, nimeshika ile feni, inacheza juu na chini. Fundi wa huku anasema turbo imekwisha.

#25 Fundi Kipara
Mama Wawili, kucheza juu na chini kidogo ikiwa haina oili ni kawaida, hiyo ndiyo nafasi ya oili. Turbo nyingi nzima zimetupwa kwa kipimo hicho. Ivute na kuisukuma, kuelekea kwako na kurudi. Hapo haitakiwi kucheza kiasi cha kuhisi kwa mkono. Halafu izungushe huku umeisukuma upande mmoja, sikiliza kama feni inagusa ukuta. Kama haigusi na haivutiki, tafuta mpasuko kwenye hozi ya hewa, mluzi mwingi unatoka huko. Ikivutika, ilete. Jumapili sifungui.